Silaha iliyozuiliwa (saisie): polisi anachukua nini, na bunduki inabaki ya nani

Saisie ni kitendo cha afisa wa upelelezi, yule anayeitwa OPJ, kuchukua kitu na kukiweka chini ya ulinzi wa sheria. Anakichukua kwa sababu kinaweza kuwa ushahidi, au kwa sababu mahakama inaweza kuamuru baadaye kitaifishwe. Umiliki hauhami. Bunduki ya calibre 12 iliyozuiliwa asubuhi katika komine ya Ruashi, mjini Lubumbashi, Kongo (DRC), jioni bado ni mali ya mwenyewe, ila haiko mkononi mwake. Kinachoondoa umiliki ni kutaifisha (confiscation), na amri hiyo hutoka kwa hakimu ndani ya hukumu. Polisi wa barabarani hana uwezo huo, wala mkuu wa kituo chake.

Lubumbashi mambo haya mawili huchanganywa kila siku. Mwenye bunduki akisikia neno saisie anaona imekwenda moja kwa moja, hafuatilii. Bunduki isiyofuatiliwa hukaa stoo mpaka inasahaulika, au inaanza kutembea mikononi mwa watu wengine. Hasara hiyo ya pili ndiyo inayopaswa kuwaogopesha watu wa kartie (mtaa) nzima.

Kwanza msingi. Katiba ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006 haina kifungu kinachompa raia haki ya kuwa na silaha. Wanaojua sheria za bunduki kupitia filamu za Marekani waliweke hilo kando. Yale marekebisho ya katiba yao ya mwaka 1791 hayavuki bahari. Kwetu, kifungu cha 190 kinakataza mtu yeyote kuunda kikosi chenye silaha au kuwa na vijana wenye silaha, na kosa hilo linaitwa uhaini mkubwa. Kinachomruhusu raia kushika bunduki ni Amri-Sheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985, pamoja na amri ya utekelezaji namba 85-212 ya siku hiyohiyo. Kwa hiyo unachomiliki ni bunduki pamoja na ruhusa. Ruhusa ikikosekana, bunduki peke yake ni kosa.

Haki za mwenye bunduki zipo, ila zimekaa mahali pengine, ndani ya katiba: kifungu cha 29 kinacholinda nyumba, cha 34 kinacholinda mali, na cha 18 kinachomlinda aliyekamatwa. Ukizitafuta kwenye sheria ya silaha utatoka mikono mitupu.

Ruhusa yenyewe imefungwa na mtu mmoja na bunduki moja yenye namba yake. Haiazimwi. Shemeji akichukua bunduki yako kwenda nayo shambani upande wa Kasenga, karatasi yako haimfuniki hata kama anayo mfukoni, na wewe uliyempa utaulizwa pia. Tena kuweka bunduki nyumbani ni jambo moja, kutembea nayo mjini ni jambo jingine. Karatasi inayosema kuweka (détention) haigeuki kuwa ya kubeba (port) kwa sababu umevuka geti. Permi (kibali) ya kuwinda nayo ni karatasi tofauti, chini ya sheria namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982. Inakuruhusu kumfuata mnyama. Haithibitishi kwamba bunduki uliyoshika ni halali.

Kwa silaha ya vita hakuna cha kujadili. Kalashnikov inayotumia risasi za 7.62×39 haipati permi ya raia. Katika Itifaki ya Nairobi ya tarehe 21 Aprili 2004, ambayo Kongo ilitia saini, nchi zilikubaliana kuwakataza raia kabisa bunduki za rashasha na zile zinazojipakia zenyewe. Mtu akikutwa nayo, faili haliendi parke ya kawaida (ofisi ya waendesha mashtaka), linaelekea oditora ya kijeshi (waendesha mashtaka wa jeshi), hata kama hajawahi kuvaa sare maishani. Bunduki za kienyeji, gobore zinazotengenezwa kwa bomba la chuma, zina tatizo la aina yake. Hazina namba ya kiwandani, na ruhusa haiwezi kufungwa na bunduki isiyotambulika. Mwenye nayo akisema "ni ya kufukuza nyani shambani" amesema kweli labda, lakini hajajibu swali la sheria.

Sasa nyumbani. Operesheni za bouclage, pale polisi wanapozunguka kartie na kupita nyumba kwa nyumba, huanza alfajiri, na saa ina maana yake. Sheria ya mwenendo wa jinai, ile dikri ya tarehe 6 Agosti 1959, inasema upekuzi wa nyumba haufanyiki kabla ya saa kumi na moja alfajiri wala baada ya saa tatu usiku, isipokuwa kwa kibali cha jaji au kwa kosa la papo kwa papo (flagrant). Kosa la papo kwa papo ni lile linalotendeka sasa hivi au limetoka kutendeka, na sheria inaliunganisha na hali ya mtu kukutwa na silaha au vitu vinavyomhusisha na kosa muda mfupi baada yake. Majirani wakipiga kelele za wezi saa nane usiku, mlio ukasikika, na polisi wakamfuata mtu hadi ndani ya ua, hapo kudai hati ni kupoteza pumzi. Kama hakuna kosa la namna hiyo, OPJ anahitaji hati ya mwendesha mashtaka ili apekue. Uvumi kwamba "mzee fulani ana bunduki" haugeuki kuwa flagrant kwa kurudiwa na watu watano.

Polisi wa mji huu wana sababu ya kuwa na mkono wa haraka. Tarehe 23 Machi 2013 wapiganaji wa Kata Katanga, kundi lenye silaha linalotaka Katanga ijitenge, waliingia Lubumbashi mchana kweupe. Tangu siku hiyo, silaha isiyoeleweka mtaani haichukuliwi kama jambo dogo. Ndiyo maana mwenendo wako mlangoni una uzito kuliko hoja zako. Usiikimbilie bunduki ili uwaonyeshe. Weka mikono paonekane, kisha sema: "Shefu, bunduki iko chumbani, ndani ya kabati, haina risasi. Risasi ziko kwenye sanduku jikoni. Karatasi ni hizi." Waache waichukue wenyewe, nawe uwepo wakati wanapekua, upekuzi hufanyika mbele ya mwenye nyumba, isipokuwa hayupo au amekataa. Hii nayo ni sababu ya kutunza bunduki na risasi sehemu mbili tofauti zenye kufuli: maneno yako yanathibitika papo hapo.

Karatasi inayobeba kila kitu ni PV ya saisie (procès-verbal, hati ambayo OPJ anaandika alichofanya). Sheria inataka vitu vilivyochukuliwa vielezwe ndani ya PV na aliyekuwa navyo asaini. Akikataa au asipoweza, OPJ anaandika hivyo. PV nzuri ina tarehe, saa, mahali, jina na cheo cha OPJ, kisha maelezo ya bunduki: aina, kiwanda, kalibre, namba, hali yake, na idadi ya risasi. PV mbaya inasema "bunduki moja ya kuwinda", nukta. Bunduki moja ya kuwinda inaweza kurudi kama bunduki nyingine ya kuwinda, iliyochakaa, na hutakuwa na la kusema.

Namba ndiyo hukosewa zaidi. Chukua bunduki ya mitutu miwili. Ikifunguliwa, chini ya mitutu kuna alama nyingi: 12 ya kalibre, 70 ambayo ni urefu wa chemba kwa milimita, uzito wa mitutu, alama za ukaguzi wa kiwanda. Afisa mwenye haraka na tochi ya simu huandika yoyote kati ya hizo akidhani ndiyo namba ya bunduki. Namba halisi kwa kawaida imepigwa pale mitutu inapokalia, kwenye mitutu yenyewe, na mara nyingi kwenye chuma cha kishikio cha mbele pia. Zote zinapaswa kufanana. Bunduki hiyo hufunguka vipande vitatu, na kipande kimoja kikipotea stoo hakuna bunduki tena, kwa hiyo PV itaje vipande vyote. Kwenye bunduki ya mtutu mmoja ya kuvuta, namba iko kwenye mwili wa chuma, karibu na kifyatulio. Soma herufi kwa sauti pamoja na OPJ: 8 na B, 0 na O, 1 na 7 ndizo zinazoharibu mafaili. Namba ya PV isipolingana na ya permi, mbele ya hakimu una bunduki mbili, moja isiyoonekana yenye karatasi na moja iliyopo isiyo na karatasi.

Risasi zihesabiwe moja moja, mbele yako, na ziandikwe kwa aina. "Boksi moja la risasi" si hesabu. Kuna boksi la 10 na la 25. Kama PV imeandikwa Kifaransa na hukielewi vizuri, omba usomewe kwa Swahili kabla ya kuweka saini. Ukiona kosa na OPJ hataki kulirekebisha, andika pingamizi lako juu ya saini kwa maneno machache. Kukataa kusaini kabisa kunasaidia kidogo, kwa sababu PV itaendelea bila sauti yako.

Polisi wakiondoka nawe, kifungu cha 18 cha katiba kinakupa mambo matatu: kuambiwa mara moja, kwa lugha unayoielewa, kwa nini umekamatwa, kuwasiliana na familia au wakili, na kutowekwa kituoni zaidi ya saa 48 bila kuachiwa au kufikishwa mbele ya mamlaka ya mahakama. Saa hizo 48 ndizo pia zenye biashara nyingi. Kuna faini ambayo OPJ anaweza kupendekeza kwa makosa madogo ili faili lifungwe, lakini faini hiyo ina risiti ya hazina ya serikali. Pesa iliyopokelewa bila risiti si faini, na haifuti chochote: faili linaweza kufufuka wiki ijayo na bunduki bado iko stoo. Anayelipa ili "bunduki irudi leo" mara nyingi anarudishiwa bila karatasi, kisha anakamatwa tena kwenye kizuizi kingine akiwa na bunduki ambayo PV inasema imezuiliwa. Hapo anaanza kueleza jambo gumu kuliko la kwanza.

Kuifuatilia kunaanza na namba. Faili likifika parke hupewa namba ya RMP, ambayo ni daftari la waendesha mashtaka. Bila hiyo utapelekwa ofisi hii na ile. Ukiwa nayo, andika barua kwa hakimu mwendesha mashtaka anayeshughulikia faili kuomba saisie iondolewe (mainlevée), na uambatanishe nakala ya permi, ya kadi ya uchaguzi, risiti ya kununulia kama ipo, na nakala ya PV. Nakala, usitoe asili. Permi ya asili ionyeshwe tu na irudi nawe. Faili likifungwa bila mashtaka, au mahakama ikikuachia, omba kurudishiwa kwa maandishi palepale. Ikiwa umehukumiwa, kanuni ya jumla ya sheria ya jinai inaruhusu kutaifisha kitu kilichotumika katika kosa pale ambapo ni mali ya aliyehukumiwa. Kwa hiyo aliyeibiwa bunduki ikatumika kuvamia watu ana msimamo tofauti na mvamizi, mradi aliripoti wizi mapema na ana karatasi ya kuonyesha. Wizi ulioripotiwa baada ya tukio huwa na harufu mbaya.

Bunduki za urithi huleta kesi nyingi ambazo hazikuwa za lazima. Baba alikuwa na permi, baba amefariki, bunduki imebaki juu ya kabati. Permi ilikuwa yake yeye, na watoto hawana kitu mpaka wapate ruhusa yao. Kosa la kawaida ni mtoto kuifunga kwenye pagne na kuipeleka kituoni kwa teksi "kwa nia njema": njiani yeye ni mtu anayebeba bunduki bila ruhusa. Aende na karatasi peke yake, permi ya marehemu na cheti cha kifo, atoe taarifa, aombe polisi waje kuichukua nyumbani kwa PV. Akitaka kuibakiza katika familia, aombe ruhusa kwa jina lake huku bunduki ikiwa imehifadhiwa kwa polisi.

Walinzi wa kampuni binafsi hawaruhusiwi silaha za moto. Ndiyo maana kwenye lango la mgodi utaona mlinzi mwenye rungu na redio, na pembeni yake polisi wa migodi mwenye bunduki ya serikali. Mwenye nyumba anayemwachia mlinzi wake bunduki usiku, hata kama bunduki ina permi, amewaweka wote wawili kwenye kosa.

Siku ya kurudishiwa, usisaini karatasi ya kupokea (décharge) kabla ya kukagua. Linganisha namba na PV, fungua, tazama ndani ya mitutu dhidi ya mwanga. Stoo zina unyevu, hasa kuanzia Novemba hadi Machi, na bunduki iliyolala msimu mzima bila mafuta hutoka na kutu ndani ya chemba. Iandikwe kwenye décharge. Hesabu risasi tena. Zilizopata kutu kwenye kitako au zilizovimba karatasi zisirudi nyumbani. Waachie palepale, kwa maandishi.