Je, gari linalojiendesha lingeitambua chukudu?

Tuseme gari lisilo na dereva limefika Goma, mashariki mwa Kongo, kwenye mzunguko wa Rond-point Tchukudu, asubuhi watu wanapokwenda kazini. Motari, waendesha pikipiki za abiria, wanapita kushoto na kulia, mistari ya barabarani haionekani kwa vumbi, na chukudu, kile chombo chetu cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo, iliyosheheni magunia ya makala (makaa) inashuka kutoka Kibumba. Gari hilo linaona nini?

Linaona mengi, tena kwa njia kadhaa kwa pamoja. Kamera husoma rangi na maandishi: taa, vibao, mkono wa polisi wa roulage, yaani wa usalama barabarani. Giza na jua la usoni huzisumbua kama yanavyotusumbua sisi. Rada hutuma mawimbi ya redio, mara nyingi ya gigahezi 77 hivi. Yakigonga kitu kinachosogea hurudi yamebadilika kidogo, na hapo gari hujua kama kitu hicho kinakuja au kinakwenda, na kwa kasi gani. Mvua na ukungu haviizuii sana. Ila rada hupata mwangwi mzuri kutoka kwa chuma. Mbao hurudisha hafifu, na chukudu karibu yote ni mbao.

Hapo ndipo lida inaposaidia. Kifaa hiki hufyatua mipigo ya mwanga usioonekana kwa macho, maelfu kwa maelfu kila sekunde, na kupima muda unaopita kabla haujarudi. Mwanga husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo mpigo uliogonga gunia lililo mita 30 mbele hurudi baada ya sehemu moja tu ya milioni tano ya sekunde. Nukta hizo zikikusanywa, gari hupata umbo la barabara nzima, urefu, upana na kina, usiku kama mchana. Mawe meusi ya volkano tuliyojengea kuta zetu hurudisha mwanga kidogo kuliko ukuta uliopakwa chokaa, na vumbi zito huutawanya kabla haujafika.

Magari mengi ya aina hii hubeba pia ramani ya kina, kwa kuwa satelaiti peke yake huweza kukosea kwa mita kadhaa. Gari hulinganisha kile lida inachokiona na kilicho kwenye ramani, likajua limesimama wapi hasa. Kwetu hilo lina kichekesho chake: Mei 2021 lava ya volkano ya Nyiragongo iliikata barabara ya Rutshuru kwa usiku mmoja.

Lakini tukio la Tempe, Arizona, Machi 2018, linaonyesha kwamba shida kubwa iko kwingine. Gari la majaribio la Uber lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara usiku huku akisukuma baiskeli. Vihisi vilikuwa vimemwona zaidi ya sekunde tano kabla. Programu ikamwita gari, kisha kitu kisichojulikana, kisha baiskeli, na kila ilipobadili jina ilisahau alikotoka, hivyo haikuweza kukisia anakoelekea. Mtu aliyewekwa ndani kusimamia gari alikuwa haangalii barabara.

Sasa mfikirie kijana wa chukudu: ana magurudumu mawili, hana pedali, goti moja liko juu ya ubao na mzigo unamzidi kimo. Breki yake ni kipande cha mpira anachokikandamiza kwa mguu kwenye gurudumu la nyuma. Dereva yeyote wa Goma anajua kwamba mtelemkoni huyo hasimami ghafla, unampisha. Programu ambayo haijawahi kuoneshwa chukudu ingeona kizuizi tu, ikafunga breki. Kwa maoni yangu, kule Birere, mtaa wa soko wenye msongamano, ingefunga breki hadi jioni.

Kuifundisha kunawezekana, ingawa ni kazi ya mikono: kupiga video nyingi za barabara zetu, kuchora kisanduku kuzunguka kila chukudu, picha baada ya picha, na kuandika jina lake. Waymo, kampuni ya magari yanayojiendesha ambayo tangu 2020 inabeba abiria wa kawaida huko Phoenix bila dereva, ilizoeza programu zake kwa barabara za Marekani, na huko hakuna anayeteremsha makala kwa ubao wa magurudumu mawili.