Dawa ya kuwekea kwenye chai sikupi, ila usiondoke

Wiki haipiti hapa Dodoma bila mtu kunifata na hili ombi. Mara nyingi ni mke, mara nyingine mama mzazi kadamka na basi la asubuhi toka Kongwa au Bahi, anakaa, anafunga vizuri kanga yake, alafu kwa sauti ya chini anasema nesi naomba ile dawa ya kuachisha pombe, nimwekee kwenye chai asijue. Mgonjwa mwenyewe hayupo, kabaki nyumbani kalala au ameshatoka kwenda kuzimua.

Mimi ni nesi wa afya ya akili na jibu langu ni lile lile, hiyo sikupi. Dawa yenyewe ipo, inaitwa disalfiramu, inazuia mwili usimalize kuivunja pombe kwaiyo sumu ya asetaldehaidi inajaa kwenye damu, na mtu akinywa hata kidogo uso unawaka, anatapika, moyo unaenda mbio, presha inaweza kushuka mpaka akafa. Anayeimeza inabidi ajue, akubali na apimwe kwanza. Sasa we umwekee saa 1 asubuhi, saa 4 yuko kilabuni na kopo la pombe ya mtama mkononi hajui chochote, utakuja kujibu nini? Na akigundua hali tena chakula chako.

Hapo wengi wanasimama waondoke wanaona wamepoteza nauli. Nawaambia kaa mama, hujaja bure, tunaanza na wewe.

Na sisemi tu kumfariji. Marekani, chuo kikuu cha New Mexico, kina Robert Meyers walitengeneza mafunzo ya ndugu wa mnywaji yanaitwa CRAFT, wakayapima kwa ndugu 130 ambao watu wao walikuwa wamegoma kabisa kutibiwa, matokeo yakatoka 1999. Waliofundishwa hivyo, asilimia 64 waliwafikisha watu wao kwenye matibabu. Kundi la kumkalisha mtu kikao cha kumbana, asilimia 30. Kundi lililoelekezwa njia ya Al-Anon, vile vikundi vya ndugu wa walevi kukutana na kusaidiana, asilimia 13. Ila kinachonigusa mimi ni kwamba ndugu wenyewe walipata nafuu kwenye makundi yote matatu, mgonjwa akubali asikubali.

Sisi huku tunachokipenda ni kikao, mjomba yupo, mchungaji yupo, baba mkwe yupo, mtu anaapa mbele ya wote na machozi yanamtoka, alafu kesho kutwa aibu inamrudisha kule kule. Aibu ni kitu kibaya sana kwa mtu wa pombe.

Kwaiyo tunaongea mambo madogo ya nyumbani. Deni la kilabu nani analipa? Nani anampigia bosi kusema ana malaria? Akitapika usiku nani anafuta kabla hajaamka? Karibu kila mara ni huyo huyo mama aliyekaa mbele yangu, na anafanya kwa upendo, ila matokeo yake mume hajawahi kuiona jana yake. Acha aione. Akizima mlaze ubavu asije akapaliwa na matapishi, hilo usiache kamwe, ila shati lake akalifue mwenyewe. Usigombane naye akiwa amelewa, ni kuchoka bure. Siku akirudi mzima hiyo ndo siku ya kukaa naye, pika ule ugali wa mtama na mlenda anaoupenda, ongeeni, mwambie nimefurahi leo umekula na sisi, bas, usiongeze na "ungekuwa hivi kila siku".

Kama anapiga, haya yote weka pembeni, toka na watoto, nenda dawati la jinsia polisi. Sifundishi mtu kuvumilia kipigo.

Kingine kinachoniumiza ni kumfungia mtu ndani ili aache. Anayekunywa kila siku kutoka asubuhi mwili umeshazoea, ukimkatia ghafla ndani ya siku mbili anaweza kupata degedege, na siku ya pili mpaka ya nne anaweza kuweweseka, anaona wadudu ukutani, anatoa jasho, homa inapanda, na familia wanasema karogwa wanampeleka kuombewa huku anakufa. Kutetemeka akikosa pombe asubuhi ni dalili ya kwamba kuacha kwake kunataka hospitali, apewe dawa za kumtuliza na vitamini B1. Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, ipo hapa hapa tangu 1927, najua jina linawatisha watu, eti utaonekana umepeleka kichaa. Mi nawaambia bora waseme.

Watoto nao wanajua jamani, hata wa miaka 6 anajua baba akirudi viatu vinasikikaje. Mwambie ni ugonjwa na sio yeye kausababisha, mana wengi wanaamini ni wao.

Kuna mama mmoja, sitamtaja zaidi ya hapo, amekuja mara tano sasa. Mume bado anakunywa. Yeye deni la kilabu ameacha kulipa, kwaya amerudi, usingizi anapata. Juzi kaniambia mume kamuuliza akiwa mzima kabisa, "hivi huko unakoendaga kila Alhamisi mnaongeaga nini?"