Vizuia-moto hewani: vinapimwaje, na vinatuhusu nini?

Vizuia-moto ni nini, na hufikaje hewani?
Ni kemikali zinazotiwa kwenye sponji za makochi, nyaya na magamba ya runinga ili visishike moto upesi. Zilizovuma zaidi ni PBDE, zenye bromini. Hizi huchanganywa tu na plastiki, hazifungamani nayo, kwa hiyo hujitoa kidogo kidogo kwa miaka, hasa penye joto. Nyingine hunata kwenye vumbi, nyingine husafiri na upepo. Zimekutwa hadi Aktiki, ambako hakuna kiwanda hata kimoja cha kuzitengeneza.

Kitu kisichoonekana wala kunusika hupimwaje?
Kwa sponji! Kipande cha mviringo, upana wa sentimita 14 hivi, hutundikwa katikati ya mabakuli mawili ya chuma yaliyofunikana na kuachiana upenyo. Hakuna umeme wala pampu. Hewa hupita humo, takriban mita za ujazo 4 kwa siku, na kemikali hunasa. Baada ya miezi mitatu hivi sponji hupelekwa maabara, na matokeo husomwa kwa pikogramu. Gramu moja ina pikogramu trilioni moja.

Kichekesho ni kwamba sponji yenyewe ni poliurethani, aina ya plastiki, ndugu wa ile ya kwenye makochi. Isiposafishwa vizuri kwanza, mpimaji atapima uchafu wake mwenyewe. GAPS, mtandao wa kimataifa wa kupima kemikali hewani unaoongozwa na Kanada, umekuwa ukitumia vifaa hivi katika mabara mbalimbali tangu Desemba 2004.

Si zilishapigwa marufuku?
Baadhi, ndiyo. Mkataba wa Stockholm, makubaliano ya kimataifa ya kudhibiti kemikali sumu zinazodumu muda mrefu, uliingiza aina mbili za mchanganyiko wa PBDE kwenye orodha yake mwaka 2009; HBCD, kizuia-moto kingine chenye bromini, ikafuata 2013, na deka-BDE, aina nyingine ya PBDE, 2017. Lakini marufuku hailitoi sebuleni kochi lililonunuliwa 2003. Ndiyo maana mkataba huo hufuatilia hewa pamoja na maziwa ya mama na damu: hewa huonyesha kinachoendelea kutoka, mwili huonyesha kilichokwisha kuingia.

Hewa imefichua jambo jingine, na kwangu hili ndilo zito. Viwanda viligeukia vizuia-moto vya fosforasi, na sasa sponji hizo hunasa vingi vya aina hiyo, mara nyingi kupita PBDE. Tumebadilisha jina, safari ni ileile.

Basi nijifunike pua nikitoka nje?
Hapana. Kwa watu wengi njia kubwa ni vumbi la ndani na chakula, hasa mafuta ya wanyama. Mtazame mtoto anayetambaa: kiganja sakafuni, kisha mdomoni, siku nzima. PBDE huvuruga homoni za thairoidi, tezi ya shingoni, na tafiti zimehusisha kiwango kikubwa mwilini mwa mjamzito na matatizo ya umakini na kujifunza kwa mtoto. Mnawishe mikono kabla ya kula, na ufute vumbi kwa kitambaa chenye maji, kwani kikavu hulirusha tu.

Kochi langu limechanika, sponji inamegukameguka. Nilichome?
La hasha! Plastiki yenye bromini ikiungua hutoa dioksini, sumu kali kuliko ulichotaka kukiondoa. Shona au funika palipochanika, na likichoka kabisa lipeleke kwa wanaokusanya taka, likiwa zima.