Kujua mwisho hakuui utamu wa riwaya ya mapenzi

Wako wanaosema hakuna haja ya kusoma riwaya ya mapenzi, kwani tangu mwanzo inajulikana wawili hao wataoana. Hapo wanakosea. Mwisho mwema ni ahadi ambayo mwandishi amempa msomaji. Kinachotukesha ni kujua watafikaje huko, na nani atalazimika kubadilika.

Chukua Pride and Prejudice ya Jane Austen, iliyotoka Uingereza mwaka 1813. Darcy, bwana tajiri mwenye kiburi, anamposa Elizabeth, binti wa ukoo ulio chini ya wake, katika sura ya 34, na kitabu kina sura 61! Jioni hiyo Elizabeth yuko peke yake, anarudia kusoma barua za dada yake. Darcy anaingia, anakaa kidogo, anainuka, anazungukazunguka chumbani, kisha anaumwaga moyo wake. Ila katika maneno yaleyale ya mapenzi anataja unyonge wa ukoo wa binti. Anakataliwa katakata.

Sura zinazobaki zinatengeneza kilichoharibika jioni ile. Darcy anaandika barua. Elizabeth anaisoma na kuona haya kwa jinsi alivyomhukumu vibaya. Baadaye Darcy anamnusuru mdogo wake Elizabeth kwa siri, bila kutaka shukrani. Anaporudia posa, kiburi kimekwisha: anamwambia Elizabeth kwamba neno moja tu kutoka kwake litamnyamazisha yeye Darcy milele.