Packed si dawa ya kila strakti

Vijana wanaoniletea bodi za mizani ya dagaa kutoka mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma, wana wimbo mmoja: "Fundi, kompaila inakula kumbukumbu, ndiyo maana nimeweka packed." Nimechoka kuusikia. Kompaila ni programu inayogeuza msimbo wa lugha ya C kuwa amri za mashine; strakti ni data kadhaa zilizofungwa pamoja; na packed ni agizo la kuiambia kompaila isiache nafasi wazi kati yake.

Kompaila haili kitu. Chukua strakti yenye char (baiti 1), kisha uint32_t ya uzito (namba ya baiti 4), kisha char nyingine. Kwa kujumlisha kwa vidole unapata baiti 6. Sizeof, inayopima ukubwa, kwenye prosesa ya ARM ya biti 32 inajibu 12. Baiti 3 zimeachwa wazi ili uzito uanzie anwani inayogawanyika kwa 4, na 3 nyingine mwishoni ili strakti zikifuatana kwenye array (safu), ya pili nayo ikae sawa. Tanguliza uzito, char zifuate: baiti 8. Umeokoa theluthi nzima bila packed.

Ukipachika packed unapata 6 zako, sawa. Ila Cortex-M0, prosesa ndogo ya ARM, haiwezi kusoma baiti 4 kwa mkupuo kwenye anwani isiyogawanyika kwa 4, kwa hiyo kompaila inaokota uzito vipandevipande na kuviunganisha. Hapo ni polepole tu. Balaa linaanza ukichukua &kipimo.uzito, yaani anwani ya uzito ndani ya strakti iitwayo kipimo, ukaipa funksheni inayotarajia pointa (anwani) ya uint32_t. Humo ndani hakuna anayejua habari za packed. Inasoma kwa mkupuo, bodi inaangukia HardFault (kosa linalosimamisha programu) huku mvuvi anasubiri kilo zake. Kompaila ya GCC tangu toleo la 9 inaonya bila kuombwa. Mnazima maonyo, kisha mnakuja kwangu!

"Mbona kwenye laptop inafanya kazi?" x86, aina ya prosesa ya laptop nyingi, huvumilia mengi. Kiwango cha C hakivumilii: pointa isiyokaa sawa ni kosa hata mashine ikinyamaza.

Eti kompaila itapanga upya vipengele vya strakti? Hairuhusiwi. Eti malloc, funksheni ya kuomba kumbukumbu, inahitaji kurekebishwa? Kwa aina za kawaida, anwani yake tayari imekaa sawa. Kulinganisha strakti mbili kwa memcmp, inayolinganisha baiti kwa baiti? Acha, zile nafasi wazi zinaweza kubeba takataka. Linganisha kipengele kimoja kimoja.

Na memcpy, funksheni ya kunakili baiti, si nzito. Ukitoa namba kwenye bafa ya UART (kumbukumbu ya muda ya data inayoingia kwa waya), itumie, usibadilishe aina ya pointa kibabe. Kwa -O2 (agizo la kompaila kuboresha kasi), prosesa ikiruhusu, inageuka amri moja tu. Halafu chini ya kila strakti inayokwenda kwenye flash (kumbukumbu ya kudumu) weka _Static_assert ya sizeof, inayokagua ukubwa wakati wa kukompaili. Ipo tangu C11, toleo la kiwango cha C la 2011, na haiongezi hata baiti moja.