Vidonge vya presha na mbalamwezi

Wavuvi wa dagaa huku Kigoma huingia ziwani usiku wa giza, maana dagaa hufuata taa. Mbalamwezi ikitoka taa haina kazi, mitumbwi inapumzika ufukweni, na nyumbani pesa inakauka. Nilichelewa kutambua kwamba vidonge vya presha navyo hufuata mwezi.

Baba mmoja wa miaka hamsini na ushei aliletwa mdomo umepinda, mkono na mguu wa kulia umelegea. Kiharusi. "Dawa anameza, daktari," mkewe aliniambia, "ila wiki hizi mbili ziwa halijatoa kitu."

Presha inataka kidonge kila siku, na yeye kipato chake ni cha kubahatisha. Akiacha dawa, presha inarudi juu kimyakimya, bila maumivu. Inazidi kuchosha mishipa midogo iliyo ndani kabisa ya ubongo, mwaka hadi mwaka, mpaka siku mmoja unaziba au unapasuka. Mwenye shilingi chache hununua dawa ya kinachouma: homa ya mtoto, jino. Mimi pia ningefanya hivyo, na inaniuma ninaposikia wagonjwa hawa wakiitwa wazembe.

Utafiti wa INTERSTROKE, uliofanyika katika nchi 32 na kutoa matokeo mwaka 2016, ulionyesha kwamba mambo 10 yanabeba takriban asilimia 90 ya hatari ya kiharusi, presha ikiongoza. Wengi wakiisoma orodha ile huona tabia. Mimi naona pia bei. Mazoezi? Huyu anavuta nyavu usiku kucha. Chumvi? Mboga ikiwa kidogo, chumvi ndiyo inayoshusha ugali wa muhogo.

Kisha kuna umbali. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya picha ya CT, inayoonyesha ndani ya ubongo. Anayetoka kijiji cha mwambao huanza kwa kusubiri boti na kukopa nauli.

Siku hizi kliniki sianzi na chumvi. Nauliza, "Mzee, mbalamwezi iliyopita ulimeza?" Ananitazama, kisha anasema ukweli. Hapo ninachagua dawa moja atakayoimudu, na tunakubaliana anunue vidonge vya siku 30 wakati wa giza, kabla pesa ya dagaa haijaisha.