Uvimbe ulioelemea kulia

Uvimbe wa kwanza wa saratani niliotengeneza kwenye kompyuta, wa kuigiza tu, uligoma kuwa duara. Kila nikiendesha programu, unaelemea kona ya chini kulia, kama mgomba uliozidiwa na mkungu. Siku mbili nikajiona nimegundua jambo. Kumbe programu ilikuwa inapitia seli mstari kwa mstari, kuanzia juu kushoto. Seli iliyozaliwa kulia au chini ilipata zamu raundi ile ile na kuzaa tena, ya kushoto ikasubiri raundi ijayo. Nikazichanganya zamu kama karata, uvimbe ukanyooka.

Kanuni zenyewe ni chache. Skrini ina vyumba kama daftari la hesabu, kila chumba seli moja. Seli ikipata chumba kitupu jirani, inagawanyika, ikikosa, inatulia. Mara chache mtoto anatoka na jeni iliyobadilika, nami nampa rangi yake.

Rangi hizo ndizo zinazoninyima usingizi. Aliyekulia Kibosho au Marangu, kihamba, yaani shamba la ukoo, kikigawanywa kizazi hadi kizazi, ataelewa upesi: seli ya katikati hata iwe na nguvu namna gani, haina pa kujenga. Ya ukingoni, hata dhaifu, inajaza kipande kizima kama cha tikiti. Mtafiti wa saratani Peter Nowell alieleza mwaka 1976 kwamba saratani ni mageuzi, koo za seli zikichujana. Sawa, lakini rangi iliyotawala mara nyingine imebahatika mahali tu. Daktari akichukua kinyama kimoja cha kupima, anaweza kukosa ukoo mzima uliojificha upande wa pili.

Seli moja na watoto wake wote wakigawanyika mara 30 bila kufa hata mmoja, wanazidi bilioni. Katika umati huo, sugu asiyeuawa na dawa anaweza kuwapo kabla ya dozi ya kwanza.

Mdogo wangu, muuguzi hapa Moshi, alinikuta nikijaribu dawa. Rangi zote zikafutika, ikabaki nukta moja nyekundu iliyokuwa imebanwa katikati. Ikaanza kutanuka.

“Kaka, kwa hiyo dawa ndiyo imemfungulia geti?”

“Humu ndani, ndiyo.” Nikamkumbusha kwamba uvimbe wangu hauna mishipa ya damu wala kinga ya mwili. Kwenye mwili halisi oksijeni haifiki mbali na mshipa, sehemu ndogo tu ya milimita, kwa hiyo huenda huyo wa katikati angekuwa ameshakufa zamani.

Oksijeni nimeiongeza jana. Usiku huu naiachia kompyuta mizunguko 500, na safari hii nimeiagiza ihifadhi kazi kila baada ya dakika kumi, maana umeme wa mtaani kwetu nao una zamu zake.